Waya Usiobeba Kitu

Siku ile mjinga alikuwa Kiplimo. Tulimalize hilo mapema, maana yeye mwenyewe alikuja kulikubali, ingawa alilikubali akiwa peke yake nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo kukubali hakumsaidii mtu. Tena hakuwa mjinga wa kutojua. Huyo anasameheka. Alikuwa mjinga wa kujua na kucheka.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye veranda ya jengo la Mzee Ishwarlal pale mtaani Rhonda. Veranda hiyo ina maduka saba. La kona lilikuwa la magodoro mpaka mwaka jana, Rohan, mwana wa mzee, alipomhamisha mtu wa magodoro na kujaza humo chaja ishirini na nne za betri za zile bodaboda mpya za stima. Tangu hapo waendeshaji hawakauki mlangoni, huyu akiingia na betri tupu, yule akitoka na iliyojaa. Kiplimo, fundi wa stima wa jengo kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyezifunga chaja hizo, na alizifunga vizuri. Nyaya zilinyooka ukutani kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira.

Asubuhi hiyo kampuni ya chaja ilimtuma msichana aje kukagua, kwa sababu chaja tatu zilikuwa zinanguruma. Jina lake Akeyo. Alikuwa na viatu vizito vya kazi, begi mgongoni, na sura ya mtu aliyeamka mapema Naivasha na hajanywa chai.

"Sasa, mzee," alisema, akifungua sanduku kuu la stima.

"Mzee ni yule anakulipia fare," Kiplimo akamjibu. "Mimi ni fundi."

Veranda ikacheka. Kiplimo alipenda veranda icheke. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi kwa mambo mawili, ufundi na utani, na mshahara ulipokataa kupanda aliongeza utani.

Akeyo hakucheka wala hakununa. Alitoa klampu yake, kile kipimo cha kubana waya bila kuukata, akakibana kwenye nyutro, ule waya mweusi unaorudisha stima ilikotoka. Akatazama namba. Kisha akauwekea waya mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa.

"Fundi, nyutro yako ni moto. Ampia themanini na moja. Na umeweka waya mwembamba hivi? Fezi zote, hizi za kuleta stima, ni milimita ishirini na tano, nyutro ni kumi?"

"Nyutro haibebi kitu, binti. Fezi tatu zikilingana zinafutana, nyutro inabaki hapo kama shemeji kwa harusi, ameketi tu, anangoja soda. Hiyo ni kazi ya kwanza nilifunzwa, kule Naivasha kwa mashamba ya maua. Labda siku ya hiyo lesson wewe ulikuwa na simu."

"Kule Naivasha ulikuwa unafungia nini?"

"Pampu. Pampu kubwa kuliko nyumba yenu."

"Kwa pampu ni kweli. Hizi si pampu." Alisema polepole, bila dharau, na hilo ndilo lililomuudhi Kiplimo zaidi. "Stima inakuja kwa wimbi, sindio? Pampu inakunywa wimbi lote, juu mpaka chini, taratibu. Chaja haina hiyo subira. Inangoja wimbi lifike kileleni halafu inang'ata pale juu tu. Ukiwa na chaja moja haidhuru. Ukiwa na ishirini na nne zinang'ata pamoja, wimbi linaharibika, linatoa mawimbi madogo ya ziada. Hamoniki. Na haya madogo hayafutani kwa nyutro, fundi. Yanajumlika. Fezi zote tatu zinamwaga uchafu wao kwa huu waya mmoja, na wewe umeufanya ndio mwembamba."

"Stima iko na uchafu siku hizi," Kiplimo akawaambia watu. "Nitaileta tuifue."

Zeddy, kinyozi wa duka la tatu, alicheka mpaka akazima mashine, na mteja wake akabaki na kichwa nusu. "Buda, toa mita yako! Tuone nani ni nani!"

Kiplimo akatoa klampu yake. Aliinunua Nairobi mwaka aliozaliwa binti yake Jerop, ambaye sasa yuko kidato cha tatu Molo, na mpini wake ulikuwa umefungwa plasta ya manjano. Akabana nyutro ile ile.

"Hamsini na nane! Mnaona? Binti, hiyo mita yako ina homa. Ipeleke hospitali."

Akeyo akamwomba Zeddy birika lake la stima, lile la kuchemshia maji ya taulo. Wakaliwasha peke yake, wakapima. Mita ya Kiplimo ilisema nane. Ya Akeyo ilisema nane. Kisha wakapima chaja moja peke yake. Ya Kiplimo ilisema tatu. Ya Akeyo, nne na nusu.

"Mita yako si mbaya," Akeyo alisema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, na hiyo ilikuwa heshima kubwa ambayo hakulazimika kumpa. "Inajua tu wimbi safi. Likiharibika, inakisia. Inakudanganya, fundi. Weka nyutro nene leo, mara mbili ya fezi kama mnaweza, mpunguze chaja kwa hii laini, na mimi nitaandikia ofisi walete kichujio cha hayo mawimbi. Shika mwenyewe uone."

Hapo ndipo ujinga ulipokaa. Kiplimo alikuwa ameona namba kwa macho yake. Mita mbili zilikubaliana kwenye birika na kukosana kwenye chaja, na fundi wa miaka kumi na tisa hahitaji kuambiwa maana yake. Mkono wake ulianza hata kuinuka kuelekea ule waya. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama, na Zeddy alikuwa ameshika tumbo tayari kwa kicheko kinachofuata.

Mkono ukaishia kwenye kofia yake. Akaivua, akamwinamia Akeyo kama mtu anayemwinamia mheshimiwa. "Daktari wa stima, asante. Tutampa nyutro Panadol."

Veranda ikapasuka kwa kicheko. Akeyo akaandika kitu kwenye daftari lake, akafunga begi, akaenda.

*

Nyuma ya jengo kulikuwa na ua, na mwisho wa ua chumba kimoja na kijijiko, ambavyo Mzee Ishwarlal aliwapa Kiplimo na mkewe Chepkemboi bila kodi, kama sehemu ya kazi. Nusu ya chumba ilikuwa kitanda. Nusu nyingine ilikuwa sanduku.

Sanduku lilikuwa friji kuukuu ambayo Chepkemboi aliipata kwa mtu wa vyuma, akaitoa injini, akaifanya mashine ya kuangua mayai. Kiplimo alimfungia balbu nne, feni ndogo ya kompyuta na kidhibiti joto. Mengine yote alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu mayai ya miezi mitatu ya kwanza. Sasa watu walimletea mayai kutoka Njoro, Gilgil na hata zaidi, na waliyaacha bila kuandikishana, kwa neno lake tu. Alipokwambia Alhamisi, vifaranga walikuwa wanalia Alhamisi.

Safari hii alikuwa na mayai mia tatu na ishirini, siku ya kumi na nane. Alikuwa anayamulika moja moja kwa tochi ya simu Kiplimo alipoingia.

"Kuja uone huyu," alisema bila kugeuka. "Anapiga teke kama baba yake akidaiwa."

Ndani ya yai jekundu kivuli kilitikisika.

"Nimesikia mlikuwa na sinema huko mbele," Chepkemboi akasema. "Zeddy amekuja kunihadithia mpaka machozi. Alikuwa anasema nini, huyo msichana?"

"Eti nyutro ni nyembamba."

"Na ni nyembamba?"

Kiplimo akavua viatu kwanza. Ukweli ni kwamba waya mnene ulikuwepo kwenye hesabu ya mwanzo, na ni yeye aliyekwenda kwa Mzee Ishwarlal, bila kuombwa, akamwambia hakuna haja, nyutro ikiwa ndogo inatosha. Mzee alimshika bega mbele ya mwanawe. "Unaona, Rohan? Hii ndio fundi. Hapana kama ile nyingine, nakula pesa ya mtu." Kiplimo aliishi na mkono ule begani wiki nzima.

"Wewe angalia mayai yako," alimwambia mkewe. "Stima niachie mimi."

"Nimekuachia," Chepkemboi akasema, na akarudisha yai mahali pake.

*

Siku iliyofuata, saa tano mchana, Chepkemboi alikuwa Kaptembwo akinunua chakula cha vifaranga. Kiplimo alikuwa juu ya ngazi akibadilisha balbu ya veranda. Alisikia harufu kabla ya kitu kingine, ile harufu ya plastiki inayoiva, na kabla hajashuka hatua ya pili taa ya duka la simu ikang'aa nyeupe kupita kiasi, nyeupe ya kutisha, na televisheni ya Zeddy ikalia pwa.

Nyutro ilikuwa imekatika. Ikikatika, stima haizimiki, afadhali ingezimika. Inakosa njia ya kurudi, basi inagawana vibaya. Upande wenye mzigo mkubwa unabaki na njaa, na upande wenye mzigo mdogo unapewa karibu mara mbili ya unachostahili. Upande wenye mzigo mdogo, kwenye jengo lile, ulikuwa vinyozi, duka la simu, friji la maziwa na vyumba vya nyuma.

Alipofika kwenye swichi kuu na kuivuta, dakika nne zilikuwa zimepita. Kwa nini nne? Kwa sababu alikimbilia kwanza duka la chaja, kuona kama mali ya Rohan imesalimika. Mazoea ya mtu anayejua chumba chake kinamtegemea nani. Chaja zilikuwa nzima.

Ndipo akakumbuka sanduku la mayai.

Balbu mbili zilikuwa zimepasuka. Feni ilikuwa imeungua. Kidhibiti kilikuwa kimeyeyuka kikashikana, na zile balbu mbili zilizobaki, zikiwaka kwa nguvu isiyo yao, zilikuwa zimepika hewa ya mle ndani bila feni ya kuisambaza. Kipimajoto kilisoma hamsini na moja. Akafungua mlango. Joto likampiga usoni kama la mlango wa tanuri la mkate.

Chepkemboi aliingia na gunia begani dakika ishirini baadaye. Alitua gunia, akapiga magoti, akaanza kuyatoa mayai na kuyapanga juu ya kitanda, akipuliza, akigusisha kila yai kwenye shavu. Aliyapanga safu safu kwenye blanketi yao kwa saa nzima, na Kiplimo alisimama mlangoni akiwa ameshika kile kidhibiti kilichoyeyuka, hajui akiweke wapi.

Mwisho akavunja moja. Kifaranga alikuwa mzima mwili wote, amekunjika, manyoya yameota, mdomo umeshaelekezwa pale ambapo kesho kutwa angeanza kutoboa.

"Mama Jerop," Kiplimo akasema.

"Ulisema stima nikuachie," Chepkemboi akasema. Halafu akavunja la pili, kuhakikisha.

*

Alhamisi ikafika, na wenye mayai wakaja na maboksi yenye matundu. Chepkemboi aliwangoja nje, asiwaache waingie hata mlangoni, akawaambia mmoja mmoja. Wengine walikasirika kwa kelele, na hao walikuwa rahisi. Mama mmoja mzee kutoka Njoro alileta boksi jipya alilolitandika nyasi kavu mwenyewe. Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Pole, mama. Ni mambo ya stima. Basi nipe tu boksi yangu." Na boksi lilikuwa mkononi mwake. Hakuwa amelitoa hata kidogo. Chepkemboi alilishika upande mmoja, kama anamkabidhi, na yule mama akalipokea, na wote wawili wakajifanya kwamba kuna kitu kimepeanwa.

Kwenye veranda, mambo yalikuwa moto kuliko nyutro. Zeddy alipoteza mashine tatu na televisheni, na utani ulikuwa umemtoka. "Fundi, si ulisema mita yake ina homa? Sasa nani ndiye mgonjwa?" Mwenye friji la maziwa alimwaga lita arobaini kwenye mtaro, kusudi, mbele ya mlango wa ofisi ya Rohan, na mbwa wa Rhonda yote wakaja kushuhudia.

Lakini duka la chaja lilikuwa limefunguliwa tangu Jumanne jioni, siku ile ile ya hasara. Rohan aliagiza Kiplimo arudishe nyutro mara moja.

"Hatuna waya mnene, Bwana Rohan. Tuagize mjini, kesho asubuhi..."

"Kuna nini stoo?"

"Ni ule ule wa kumi."

"Si ndio ulisema unatosha? Weka huo. Riders wanangoja."

Akauweka. Mikono ilijua inachofanya na iliendelea kufanya, kama punda anayeijua njia ya kisimani.

*

Ijumaa saa tisa Rohan alimwita ofisini. Mzee Ishwarlal alikuwa ameketi kwenye kona, fimbo katikati ya magoti, akitazama sakafu. Mezani kulikuwa na karatasi moja na kalamu juu yake.

"Keti, fundi," Rohan akasema. Hakuwahi kumwambia aketi. "Iko hivi. Bima ya jengo inauliza chanzo. Kama chanzo ni waya wetu, hawalipi, na wapangaji wanatupeleka kortini. Kama chanzo ni kifaa cha mpangaji, kifaa cha kujitengenezea, hiyo ni hadithi nyingine."

"Kifaa gani?"

"Si mko na friji fulani huko nyuma? Imefungwa mabalbu?"

Kiplimo akatazama karatasi. Iliandikwa vizuri. Ilisema kwamba yeye, fundi wa jengo, alikagua na kukuta hitilafu imesababishwa na mashine ya kienyeji ya kuangulia mayai iliyounganishwa katika chumba cha nyuma bila idhini. Ilisema nyutro ya jengo ilikuwa sawa, kwa kuwa katika mfumo wa fezi tatu waya huo haubebi mzigo wa maana. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamevalishwa suti.

"Hiyo ni mashine ya bibi yangu," akasema.

"Imeshaungua, sindio? Haitaungua mara ya pili. Ni karatasi ya ofisi tu, haitoki hapa." Rohan akashusha sauti. "Unajua kile chumba ni cha fundi wa jengo. Kama wewe si fundi wa jengo, sijui nitakiita chumba cha nani."

Kiplimo akamgeukia mzee. "Mzee?"

Ishwarlal aliinua macho, yakamfikia Kiplimo kifuani, yakarudi sakafuni. "Mimi hapana taka kelele, fundi," akasema. "Mimi iko na miaka themanini na mbili. Hapana taka kelele."

Kiplimo alifikiria vitu vingi, na vyote vilikuwa na kuta nne. Alifikiria kitanda, kijijiko, Jerop akija likizo na kulala juu ya magunia ya chakula cha kuku. Alijiambia kwamba mashine imekufa na maiti haiumizwi na karatasi. Alijiambia kwamba Chepkemboi hatajua. Alijiambia hata, Mungu amsamehe, kwamba akijua atacheka baadaye, wakizeeka.

Akatia sahihi. Kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, na huko ndiko alikokubali yale niliyosema mwanzoni.

*

Jumamosi asubuhi wapangaji walikusanyika kwenye veranda, na Rohan akatoka na karatasi mkononi. Akeyo pia alikuwepo. Kampuni yake ilikuwa imemrudisha baada ya kusikia, na alikuwa amefungua sanduku kuu la stima, amesimama kando yake na daftari. Hakumtazama Kiplimo. Angemtazama kwa dharau, Kiplimo angeshukuru.

Chepkemboi alikuja mwisho, akipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa anafua ile blanketi tangu Jumatano na bado harufu haijatoka.

"Nitasema mara moja," Rohan akaanza. "Jengo halina makosa. Tumefanya uchunguzi. Chanzo ni mashine ya mayai huko nyuma, ya kujitengenezea, bila ruhusa."

Veranda ikamgeukia, vichwa vyote kwa pamoja.

"Mathe?" Zeddy akasema. "Ni wewe umetuchomea?"

"Mashine yangu inakula stima kama pasi moja," Chepkemboi akasema. Hakuinua sauti. "Iko hapo miaka minne. Chaja ziko hapo miezi saba. Hebu wewe Zeddy, unahesabu nywele za watu, hesabu na hiyo."

"Hata mimi naweza kuwaambia," Akeyo akadakia. "Niliandika Jumatatu. Chaja zinatoa mawimbi machafu, yanarudi kwa nyutro, na nyutro ni nyembamba. Nilionya. Watu kumi na wawili walikuwa hapa."

"Wewe ni wa kampuni ya chaja," Rohan akasema. "Utasema lolote mradi msilaumiwe."

"Kwani nimesema chaja hazina makosa? Nimesema zina makosa! Zinataka kichujio na zinataka nyutro nene. Leo ni ile ile nyembamba imerudishwa. Sasa hivi ni tisini."

"Tisini kwa mita yako. Hapa tuna fundi wetu, na amepima na yake." Rohan akakunjua karatasi. "Mama, pole, sikutaka kusoma hii. Lakini nisikilizeni. *Mimi, Kiplimo, fundi wa jengo, nimekagua na kukuta...*"

Aliisoma yote. Aliisoma polepole, kwa Kiswahili cha karatasi, na ilipofika kwenye *mashine ya kienyeji* mtu mmoja nyuma alicheka puani. Kiplimo alitazama viatu vyake. Alikuwa na utani wa kila tukio tangu ujana wake, na sasa aliutafuta, akapapasa kila pembe, hakupata hata mmoja.

Chepkemboi alinyoosha mkono. Rohan akasita, kisha akampa karatasi. Chepkemboi hakusoma maneno. Alikwenda moja kwa moja chini, kwenye sahihi, akaitazama kama alivyokuwa akimulika mayai, akitafuta kama kuna kitu hai ndani.

"Baba Jerop. Hii ni yako?"

"Mama Jerop, ni chumba," Kiplimo akasema. "Nilikuwa naangalia chumba."

"Nimekuuliza kama ni yako."

"Ni yangu."

Akarudisha karatasi kwa Rohan, kwa mikono miwili, kwa adabu. Mzee Ishwarlal alikuwa ametoka mlangoni na fimbo yake. Mahali fulani ndani ya duka la kona chaja ziliendelea kunguruma, na kutoka kwenye sanduku lililofunguliwa ikaanza kuja, hafifu, ile harufu ya plastiki inayoiva. Akeyo aliisikia kwanza, akarudi hatua moja. Zeddy akafuata. Nafasi ikafunguka mbele ya sanduku, na ndani yake waya mweusi mpya, mwembamba, ulikuwa umeanza kung'aa kwa jasho la plastiki yake.

"Basi tumemaliza," Rohan akasema. "Mume wako mwenyewe, mama, na si mimi. Fundi wa miaka kumi na tisa. Ameandika kwamba huo waya haubebi kitu."

Chepkemboi akasogea kando, akawaachia njia ya kufika kwenye sanduku.

"Kama haubebi kitu," akasema, "ushikeni. Wewe na yeye."